Kijiweni Kumenyamaza

Siku Evaresta alipokutana na Elick Rwezaura alikuwa na jambo la kumgombeza mtu, ila mtu mwenyewe alikuwa hamjui kwa sura.

Ilikuwa siku ya gulio, Nkwenda. Malori ya ndizi yalikuwa yameziba barabara, akina mama wamepanga mafungu ya maharage mpaka ukingoni mwa mtaro, na muuza mitumba alikuwa anapayuka kwenye spika kana kwamba nguo zake zina miguu na zinataka kutoroka. Evaresta alikuwa ametoka Kayanga kwenye saluni yake, anakwenda kuwasalimia wazazi Kibingo. Alivaa gauni la kitenge cha manjano lililomkaa vizuri kiunoni, na kilemba cha kitambaa hichohicho. Akina mama wa maharage walimtazama, naye alijua kwamba wanamtazama.

Juu ya lori moja, katikati ya mikungu, alisimama kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooka pasi. Alikuwa anapiga picha kwa simu.

"Kaka, umenipiga picha?"

"Nimepiga gulio, dada. Wewe umeingia mwenyewe."

"Basi nitoe."

"Nikikutoa litabaki gulio la kawaida."

Mama mmoja akacheka mpaka akamwaga maharage. Evaresta hakucheka. "Na hiyo picha unaipeleka wapi?"

"Kayanga Kijiweni."

Hapo ndipo Evaresta aliposhika kiuno. Kayanga Kijiweni ilikuwa tovuti, na kwa watu wa Karagwe na Kyerwa ilikuwa zaidi ya tovuti. Humo walisoma bei ya kahawa, matokeo ya mechi za kata, ng'ombe waliopotea na harusi za wikiendi. Lakini kikubwa walichofuata humo ni misiba. Huku mtu asiyefika mazikoni hasamehewi upesi, na wenziwe watamkumbusha siku yake. Kwa hiyo watu walifungua Kijiweni kabla ya kupiga mswaki, waone nani amekufa na wanazika wapi.

"Wewe ndiye mwenye Kijiweni?"

"Ndiye."

"Shuka."

Elick akashuka, maana sauti ile haikuwa ya kubishana nayo.

"Bibi yangu alifariki mwezi wa tatu," Evaresta alisema. "Mkaandika maziko ni Isingiro badala ya Kibingo. Watu wa Kihanga wakajaza gari, wakaenda Isingiro, wakaingia kwenye nyumba ya watu waliokuwa wanakunywa pombe yao ya rubisi kwa amani, wakaanza kulia."

Elick aling'ata mdomo. "Wenye nyumba walifanyaje?"

"Walifanyaje? Wakaanza kuhesabiana nani hayupo."

Elick alijitahidi kadiri alivyoweza, kisha akashindwa, akacheka. Evaresta naye akajikuta anacheka, na alijichukia kidogo kwa hilo, kwa sababu alikuwa amejiandaa kugomba mpaka mwisho.

"Kosa ni langu, dada. Nitakwenda kuomba radhi."

Maneno kama hayo watu husema. Elick yeye alikwenda kweli. Wiki iliyofuata alipanda pikipiki mpaka Kibingo, akamwamkia baba yake Evaresta, Mzee Rwegoshora, akasimama kwenye kaburi la bibi kando ya migomba, akamwomba radhi marehemu kwa jina. Mzee Rwegoshora alipomsimulia binti yake kwa simu, alisema, "Yule kijana wa Muleba ana adabu." Evaresta akajibu kwamba hamjui vizuri. Tayari alikuwa na namba yake.

Mapenzi yao yalikwenda kwa simu zaidi kuliko kwa macho, ingawa wote waliishi Kayanga. Yeye alikuwa saluni kutwa, Elick kutwa alikuwa kwenye steshenari yake ndogo nyuma ya stendi, akitoa kopi za vyeti vya watu huku akiandika habari.

"Msusi wangu, umekula?"

"Nimekula. Leo nani amekufa, Mtangaza Misiba?"

"Hakuna. Biashara mbaya."

"Mungu akusamehe."

"Akinisamehe nitakuoa."

Wakati mwingine Elick alimpa simu mama yake, Ma Celestina, aliyekuwa akija Kayanga mara mojamoja kutoka Kamachumu, Muleba. Mama alikuwa mjane, Elick ndiye mtoto wake pekee. Swali lake la kwanza kwa Evaresta lilikuwa kama anajua kukaanga senene bila kuwaunguza. Evaresta alisema anajua. Mama akasema, "Basi mengine tutafundishana."

Mambo yakaiva. Elick akamtafuta mshenga, Mzee Kahigi, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Muleba aliyehamia Isingiro zamani na kuheshimika huko. Siku ya kujitambulisha ikapangwa, Jumamosi. Ujumbe wote kati ya nyumba mbili, tangu hapo, ungepita kwa mshenga. Ndivyo ilivyo, na wenye kuvunja utaratibu huo huonekana hawana wazee.

Katika siku hizohizo matapeli walikuwa wamezagaa. Walituma ujumbe kwa watu, "Shangazi yako amefariki, tuma rambirambi kwa namba hii," na shangazi yuko shambani anapalilia. Elick alikasirika. Akaandika onyo kwa herufi nyekundu juu kabisa ya Kijiweni: msiba ambao haujatangazwa hapa, usiuamini, usichange, usisafiri. Watu walimsifu sana.

Jumatano kabla ya ile Jumamosi walizungumza kwa simu mara ya mwisho.

"Elick, utavaa suti ipi? Shangazi Kokubanza anauliza."

"Ile ya bluu." Nyuma ya sauti yake vidole vilikuwa vinagonga kitu.

"Unaandika?"

"Kuna mkungu wa ndizi Kihanga, wanaume wawili hawawezi kuubeba. Namalizia."

"Mimi nazungumza posa yangu, wewe unazungumza mkungu."

"Dakika mbili, Msusi."

"Chukua zote. Lakini Jumamosi usipofika, usinipigie tena."

"Nitafika hata kwa kutambaa," Elick alisema, na wakaagana kwa kicheko.

Kesho yake Kijiweni haikuandika kitu.

Jumamosi ikafika. Nyumbani kwa Mzee Rwegoshora mbuzi alikuwa amechinjwa na rubisi imetulia mtungini. Shangazi Kokubanza alikuwa amepanga buni za kutafuna kwenye vikapu vidogo, kama wageni wa heshima wanavyopokewa. Evaresta alikuwa ndani na dada zake, amevaa gauni la zambarau lenye shanga kifuani, miguu imepakwa mafuta. Majirani walikaa kwenye mabenchi wakizungumza kwa sauti ya chini ya watu wanaosubiri chakula.

Walisubiri mpaka chakula kikapoa. Simu ya Elick ilikuwa imezimwa. Simu ya mshenga iliita, haikupokewa. Jua lilipoanza kushuka, jirani mmoja alikumbuka ng'ombe wake, wa pili akakumbuka kuku, na kila mtu akawa na mfugo wa kukimbilia. Mzee Rwegoshora alivua koti lake, akalitundika, akasema, "Wale watu wasije hapa tena." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha binti yake.

Evaresta alivua gauni la zambarau, akaandika ujumbe: Umeniaibisha mbele ya wazee wangu. Usinipigie tena maishani. Akautuma. Kisha akalia mpaka shangazi akaja kumnyang'anya simu.

Aliporudi Kayanga alipita nyuma ya stendi. Steshenari ilikuwa na kufuli. Jirani wa mlango wa pili alisema Elick aliondoka alfajiri ya Alhamisi, haraka, akasema tu anakwenda nyumbani. Nyumbani! Mtu anayetarajiwa kwenda kuposa anakimbilia nyumbani, na simu anazima. Evaresta alilipima jambo hilo kila upande, na kila upande lilikuwa na jibu moja: amebadili nia.

Wiki ikapita, na nyingine, na Kijiweni kukawa kimya. Hapo ndipo watu walipoanza kuchanganyikiwa.

Saluni ni mahali pabaya kwa mtu anayetaka kusahau. Kila aliyekalia kiti cha Evaresta alishika simu, akafungua tovuti ile, akakuta mkungu uleule wa Kihanga, akaguna. Maoni chini ya mkungu yalikuwa yanaongezeka kama mchwa baada ya mvua. Costansia, muuza mitumba na mteja wake wa siku zote, aliyasoma kwa sauti huku akisukwa.

"Sikiliza huyu. 'Admin, kuna nini? Nafungua tangu asubuhi naona ndizi tu. Sasa nimeanza kuichukia.'" Costansia akapitisha kidole. "Huyu yuko Muscat. 'Nafanya kazi za ndani huku, hii ndiyo ilikuwa redio yangu ya nyumbani. Nikisoma nasikia kama nimepita Omurushaka. Rudini jamani, bojo, nawaomba.' Maskini. Huyu naye anasema wamemfunga mdomo, aligusa wakubwa wa kahawa."

"Kichwa wima," Evaresta alisema.

"'Hajafungwa mdomo, amefungua duka Mwanza, shemeji yangu kamwona.' Watu wana mashemeji kila mahali. Ee, hapa kuna mwenye hasira kweli. 'Nimekosa maziko ya mjomba Kihanga kwa sababu yenu. Ukoo mzima haunisemeshi. Nani atanirudishia ukoo?' Halafu huyu anamjibu, 'Tangu Kijiweni inyamaze hakuna aliyekufa Karagwe. Tafadhali msirudi.'"

Saluni nzima ikacheka. Evaresta aliendelea kusuka.

"Na huyu ndiye mwenye akili. 'Jamaa ameoa. Mwanamume akioa hana muda wa kuandika.'"

Evaresta akavuta msuko kwa nguvu.

"Aa! Evaresta, taratibu, kichwa ni changu," Costansia alilalamika.

"Samahani."

"Wewe unaonaje? Ameoa?"

"Sijui habari za watu, Costansia."

Hakuna aliyejua kwamba mwenye tovuti alikuwa mtu wake. Walikuwa wamekubaliana kuficha mpaka wazee wakutane. Kwa hiyo alisimama pale kutwa, akisikiliza wilaya mbili zikimlilia mwanaume ambaye yeye alikuwa amejikataza kumlilia. Alikuwa na hasira naye, na alikuwa amemkumbuka kiasi cha kukosa hamu ya kula. Hasira aliweza kuionyesha. Hilo la pili alilificha.

Jambo moja lilimshangaza. Alidhani watu watakasirika siku mbili, kisha wahamie kwingine. Hawakuhama. Walirudi kila siku kwenye mkungu ule kuzungumza wao kwa wao. Mtu wa Nyakaiga alimuuliza wa Kibingo bei ya maharage. Mmoja aliandika, "Kumbe tuko wengi hivi? Nilidhani nasoma peke yangu." Evaresta alilisoma hilo usiku kabla ya kulala, akalirudia. Elick alikuwa akimwambia mara nyingi kwamba hajui kama kuna anayesoma. Akatamani ampigie amwambie, kisha akakumbuka alichokiandika mwenyewe, akaweka simu chini.

Siku ya Ijumaa Costansia alikuja kufumua na kusuka upya. Upande mmoja ulipokwisha, akafungua simu.

"Watu hawana haya. Ona huyu, anamuua mama wa mtu."

"Mama wa nani?"

"Wa mwenye tovuti. 'Jamani mpeni muda. Yuko kwao msibani. Ma Celestina alikuwa jirani yetu hapa Kamachumu, tumeshamzika.' Sasa wanavyomshukia! 'Tapeli.' 'Subirini atoe namba ya rambirambi.' 'Soma onyo jekundu hapo juu, msiba ungekuwa kweli ungetangazwa hapa.' Wamemfukuza mpaka amenyamaza." Costansia akacheka. "Wamemweza."

Kitana kilisimama.

"Soma tena jina."

"Ma Celestina. Kwani vipi?"

Kayanga nzima ilimwita Elick mwana wa Muleba. Hakuna aliyejua jina la mama yake, wala hakuna aliyekuwa na sababu ya kulijua. Tapeli angelitoa wapi? Evaresta alivua aproni, akachukua pochi.

"Unakwenda wapi? Nusu kichwa?"

"Jifunge kitambaa. Nitarudi."

"Evaresta! Utarudi lini?"

Alishapanda bodaboda.

Mzee Kahigi alikuwa uani kwake Isingiro, anageuza buni kwenye turubai. Alipomwona Evaresta akashusha macho, na Evaresta akajua kabla hajauliza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu, keti."

"Sitaketi. Babu, mama yake Elick amefariki?"

Mzee alikaa yeye. Alichukua punje moja ya buni, akaipasua kwa kucha.

"Alhamisi ile nilipigiwa simu. Namba ngeni. Mtu akasema yeye ni Nolasco, baba mdogo wa kijana, shemeji yake, mama wa kijana, ameanguka na amekufa, niwapelekee habari upande wa binti, na wanatungojea mazikoni. Mimi mtu mzima. Matapeli wamenisumbua sana, mara mbili wameniulia dada yangu. Nikamjibu sawa. Nikafungua Kijiweni kuhakikisha. Hakuna. Asubuhi nikafungua tena. Hakuna. Na onyo lenyewe hilo hapo juu, kijana mwenyewe ameliandika. Nikasema, huyu mwizi leo amekosa."

"Babu, anayeandika Kijiweni ni Elick peke yake."

"Sasa najua."

"Mtu akifiwa na mama yake anaandika saa ngapi?"

"Sasa najua, mwanangu." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Jumamosi nilivaa suti nikawangoja wanipitie. Hawakuja. Jua lilipozama nikaanza kuelewa. Baba yako akapiga simu, nikaitazama inaita. Aibu ya mzee ni mzigo, nilidhani nikinyamaza utapungua."

Evaresta alitaka kumkasirikia, akashindwa, kwa sababu yeye pia alikuwa ameamini vibaya. Ujumbe wake ulimrudia neno kwa neno. Alikuwa ameutuma kwa mtu aliyetoka kumzika mama yake.

"Ile suti ipo, babu?"

"Ipo."

"Ivae kesho. Tunakwenda Muleba."

Kazi kubwa ilikuwa kwa baba yake. Mzee Rwegoshora alimsikiliza mpaka mwisho akiwa anachonga mpini wa jembe. Shangazi Kokubanza, aliyekuwa anamenya ndizi, hakungoja aulizwe.

"Binti haendi kwa wanaume kabla wao hawajaja. Watasema tumemshindwa, tunampeleka wenyewe."

"Shangazi, siendi kuolewa. Nakwenda kuhani."

"Kwa watu waliotuacha tunatazamana na majirani?" Mzee Rwegoshora aliuliza. "Rubisi yote ile."

"Tata, na wao walitutazamia. Walituma habari, wakatunza nafasi yetu mazikoni. Wakamfukia mama wa watu, hakuna hata mtu mmoja wa Kibingo. Wao walikosa posa. Sisi tumekosa maziko."

Mzee aliacha kuchonga. Uso wake ulibadilika, kwa maana hesabu hiyo alikuwa anaijua vizuri kuliko mtu yeyote pale. Posa inaahirishwa. Maziko hayaahirishwi.

"Walizika lini?"

"Kabla ya ile Jumamosi."

"Kwa hiyo sisi tulichinja mbuzi, wao wanalia." Akaweka kisu chini. "Kokubanza, kata mkungu mzuri. Msibani hakungojewi mwaliko."

Walikodi gari ndogo, wakampitia Mzee Kahigi aliyekuwa amesimama barabarani na suti yake tangu kulipopambazuka. Walipopita Bukoba shangazi alitoa mihogo ya kuchemsha, wakala. Evaresta alivaa kitenge cheusi na fulana, kichwani kitambaa, bila hereni. Alipanga maneno mengi njiani. Walipofika Kamachumu yote yalikuwa yamempotea.

Nyumba ya Ma Celestina ilikuwa imetandikwa nyasi sakafuni, na wafiwa wachache walikuwa bado wamekaa. Elick alikuwa kwenye mkeka, amenyolewa kichwa, shati la kijivu limemlegea mabegani. Aliwatazama wakiingia, hakunyanyuka. Macho yake yalipofika kwa Evaresta yalikwenda chini.

"Poleni wafiwa," Mzee Rwegoshora alisema. "Tumechelewa. Habari hatukuwa nayo."

Mzee mmoja mfupi mwenye ndevu nyeupe, Nolasco, alijibu bila kumtazama. "Habari tuliituma. Tena kwa njia yake."

Shangazi Kokubanza alivuta kitenge chake magotini. Ndipo Mzee Kahigi akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Ilinifikia mimi. Nikaitupa."

"Ukaitupa kwa nini, mwalimu?"

"Haikuwa Kijiweni."

Watu wote waligeuka wakamtazama Elick. Kwanza uso wake haukuonyesha kitu. Kisha mdomo ukacheza, akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyesahau namna ya kucheka. Kicheko kikaendelea, kikavunjika katikati, kikawa kilio. Akalia mbele ya wazee bila kujificha. Nolasco baadaye alisema mtoto yule hakuwa amelia tangu mama alipoanguka, walikuwa wameanza kumwogopa. Akina mama wakamsaidia kulia, na Mzee Rwegoshora, aliyekuja na kinyongo chake chote, akaenda kukaa naye mkekani, akamshika bega.

Baadaye, wageni walipopewa uji, Evaresta alimkuta Elick kibarazani. Kaburi lilikuwa hapohapo mbele yao, kando ya migomba, udongo bado mwekundu.

"Pole, Elick."

"Ahsante."

"Kwa nini hukunipigia mwenyewe?"

"Baba mdogo alichukua simu. Alisema nyumba iliyoandaa posa haipelekewi kifo na mposaji, ni mkosi, mshenga ndiye mdomo wetu. Nikatii. Nilikuwa najua mtakuja. Siku ya maziko kila gari lililokata kona nilisimama. Jumapili nikarudishiwa simu. Nikakuta ujumbe wako."

"Sikujua."

"Najua sasa. Lakini siku ile nilisema, huyu mtu anajua nimefiwa, na hayo ndiyo ameona aniandikie."

Machozi yalimshuka Evaresta, hakuyafuta. "Na mimi nilisema, huyu mtu anajua tumekaa tunamngoja, na ameona azime simu. Elick, nilikuwa nasuka nywele za watu wanaokusema kutwa, nimebana meno. Nilikukumbuka mpaka nikawa mjinga."

"Wananisema nini?"

"Hujasoma?"

"Sijafungua. Naogopa. Nikifungua natakiwa kuandika, na siwezi. Nimeandika misiba ya watu wengi sana, Msusi. Nikifika kwenye jina la mama vidole vinakataa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu alipofika. Evaresta akanyoosha mkono. "Lete simu. Niandike mimi, wewe sema."

Walikaa kwenye benchi. Mlango ulikuwa wazi, wazee ndani na vikombe vyao wakiwasikia vizuri. Evaresta aliandika polepole. Familia ya Rwezaura wa Kamachumu, Muleba, inasikitika kutangaza kifo cha mama yao mpendwa, Celestina. Alifariki ghafla nyumbani kwake. Amezikwa. Tangazo limechelewa kwa sababu mtangazaji ndiye mfiwa. Sentensi hiyo ya mwisho aliiongeza yeye, akamsomea, na Elick akaitikia kwa kichwa.

"Ameacha nani?"

"Mtoto mmoja."

Akaandika. "Nani mwingine?"

"Na mkwe mmoja."

Vidole vilisimama. Katika nyumba yenye matanga posa haizungumzwi, kila aliyekuwa pale alijua. Ndani, kijiko cha mtu kiliacha kukoroga. Nolasco alianza kuchunguza dari, na shangazi Kokubanza akaziba mdomo kwa kitenge.

"Elick," Evaresta alinong'ona, "mkwe gani, nawe hujafika hata kwetu?"

"Andika kwanza. Ikishakuwa Kijiweni hakuna atakayebisha."

Evaresta alimgeukia baba yake. Mzee Rwegoshora alikunywa uji, akashusha kikombe, akapangusa ndevu.

"Mimi nimekuja kuhani, mengine sisikii," alisema. "Ila marehemu huandikiwa watu wake wote."

Evaresta akainama kwenye simu. Akaandika: na mkwe mmoja, Evaresta Rwegoshora wa Kibingo, Kyerwa. Akabonyeza, na mkungu wa Kihanga ukashuka chini kumpisha Ma Celestina.

Hajamrudishia Elick simu, salamu ya kwanza ikaingia. Aliisoma, akampa naye aisome.

"Poleni sana wafiwa. Pole na wewe, mkwe."